Si Kasi Wala Ubora: Kinachowakera Wanaume Katika Soka la Wanawake

Ukimuuliza shabiki wa kiume kwa nini analidharau soka la wanawake, ni nadra akakujibu kwamba halimvutii tu, jibu ambalo lingetosha na lisingemkera mtu yeyote. Atakupa sababu, na sababu zenyewe huja kwa mpangilio unaofahamika: mchezo wao ni wa polepole, makipa wao ni wafupi, mashuti yao hayana nguvu, viwanja havijai, fedha haziingii. Ukimpangulia ya kwanza anahamia ya pili, ukimpangulia ya pili anahamia ya tatu, na ukizimaliza zote anarudi kwenye ile ya kwanza kana kwamba hukusema neno. Mtu ambaye hoja zake zimeanguka moja baada ya nyingine na msimamo wake haujatikisika hata kidogo ametuonyesha, bila kukusudia, kwamba msimamo huo haukuwahi kutegemea hoja hizo. Kinachopimwa hapa si mpira unaochezwa. Ni nani anayeucheza.

Dai hilo halihitaji kubaki dhana, kwa sababu limewahi kujaribiwa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wanazuoni waliohusishwa na Chuo Kikuu cha Zurich nchini Uswisi, ambao waliwaonyesha watu 613 vipande vya video vya magoli yaliyofungwa na wachezaji wa kulipwa, wanaume na wanawake. Kundi moja liliziona video kama zilivyo. Kundi la pili liliona video zilezile, isipokuwa miili na sura za wachezaji zilikuwa zimefifishwa kiasi kwamba mtazamaji hakuweza kutambua kama aliyepiga mpira ni mwanamume au mwanamke. Waliojua jinsia ya wachezaji waliyapa magoli ya wanaume alama za juu zaidi. Wasiojua hawakuonyesha tofauti ya maana kati ya magoli ya upande huu na ya upande ule.

Mtu makini atasema kwamba kipande cha goli si mechi ya dakika 90, na ni kweli: goli halikuonyeshi jinsi timu inavyorudi nyuma kukaba au inavyochoka dakika za lala salama. Lakini shabiki tunayemzungumzia hadai kwamba amechambua mechi nzima. Anadai kwamba udhaifu unaonekana kwa macho, mara moja, kwa yeyote asiyejidanganya, na kwamba wanaosifu wanafanya hivyo kwa kuogopa lawama. Sasa macho yamefungiwa jambo moja tu, jinsia ya mchezaji, na udhaifu uliokuwa dhahiri umetoweka.

Tukubali hata hivyo, kwa ajili ya mjadala, kwamba ubora wa jumla wa soka la wanawake ni wa chini. Bado hoja haisimami, kwa kuwa ubora haujawahi kuwa sharti la ushabiki. Nchini Uingereza kuna maelfu ya watu wanaozifuata timu za daraja la nne hadi viwanja vya mbali, kwenye mvua na baridi, wakijua fika kwamba wanachokwenda kukiona ni pasi ndefu zisizofika na mabeki wanaotupa mpira jukwaani. Hakuna anayewaambia warudi nyumbani kwa sababu Real Madrid inacheza vizuri zaidi. Kinyume chake, uaminifu wao husifiwa kama ushabiki wa kweli, tofauti na ule wa watu wanaofuata makombe. Shabiki huipenda timu kwa sababu ni yake, kisha ndipo huanza kulalamikia uchezaji wake. Anayelidai soka la wanawake lithibitishe ubora kwanza ndipo liheshimiwe anaitoza timu moja kodi ambayo nyingine zote zimesamehewa.

Hapa niseme jambo ambalo watetezi wa soka la wanawake hulisahau mara nyingi: hakuna mtu mwenye wajibu wa kulitazama. Siku ina saa 24, michezo ni mingi, na mtu anayechagua ligi moja na kuziacha nyingine hajamkosea mtu. Asiyependa kriketi hufanya nini? Haitazami, basi. Haendi kuwatukana wachezaji wa kriketi, hatumi ujumbe kwa kituo cha televisheni kulalamika kwamba kriketi imeonyeshwa kwa muda mrefu mno, wala hadai kwamba kuwepo kwa kriketi ni njama ya watu fulani dhidi yake. Tofauti kati ya kutopenda na kudharau inajitokeza hapo, katika bidii. Shabiki anayelichukia soka la wanawake hulifuatilia kwa karibu kuliko mtu asiyelijali, na makosa ya kipa yeye ndiye wa kwanza kuyasambaza.

Kati ya hoja zote, moja ina uzito. Mwezi Aprili 2017 timu ya taifa ya wanawake ya Marekani, iliyokuwa bingwa wa dunia wakati huo, ilifungwa mabao 5-2 na vijana wa FC Dallas wa chini ya miaka 15 katika mchezo usio rasmi wa mazoezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu ya taifa ya Australia ilikuwa imelala 7-0 mbele ya vijana wa Newcastle Jets wa chini ya miaka 16. Matokeo hayo hutolewa kila mjadala unapoanza, kwa furaha ya mtu anayeweka karata yake kuu mezani, na kuyakana kungekuwa upuuzi. Balehe humpa mwanamume misuli, kasi na urefu ambavyo mazoezi hayawezi kuvifidia, na ndiyo sababu wanawake wana mashindano yao.

Swali ni kwamba tofauti hiyo inathibitisha nini. Manny Pacquiao alitwaa ubingwa wa dunia wa ngumi katika madaraja manane tofauti ya uzito, na hakuna shabiki wa ngumi mwenye akili timamu anayesema kwamba mataji yake ni bure kwa sababu Tyson Fury, anayemzidi kwa kimo na uzito, angemwangusha. Katika ngumi kila mtu anaelewa kwamba pambano hupata thamani kutokana na wawili wanaolingana, na kwamba ustadi wa bondia mdogo hupimwa kwa mpinzani wa kimo chake. Uelewa huo upo kichwani mwa shabiki huyohuyo wa soka. Anautumia Jumamosi usiku anapotazama ngumi na kuuweka kando Jumapili mchana wanawake wanapoingia uwanjani. Hashindwi kuelewa. Anachagua pa kuelewa.

Habari ya makipa nayo iko hivyohivyo. Goli lenye upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44 lilipangwa katika karne ya 19, wakati walioandika sheria hawakuwa na mwanamke yeyote akilini, kwa hiyo haishangazi kwamba shuti la juu humpita kipa wa kike mara nyingi zaidi. Lakini tazama makosa yanavyochukuliwa. Tarehe 26 Mei 2018, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mjini Kyiv, Loris Karius wa Liverpool alirusha mpira kwa mkono ukagonga mguu wa Karim Benzema na kuingia wavuni, na baadaye akaliacha shuti la mbali la Gareth Bale limponyoke mikononi. Real Madrid ilishinda 3-1. Karius alichekwa dunia nzima, na kicheko kile kilibaki juu yake yeye. Hakuna aliyehitimisha kwamba wanaume hawawezi kudaka. Kipa wa kike akifanya kosa la aina ileile, kosa linaandikwa kwa jina la jinsia nzima. Mwanamume uwanjani ni mtu mmoja na mwanamke ni mwakilishi, na hapo ndipo ubaguzi wenyewe ulipo, hata pale ambapo hakuna tusi lililotamkwa.

Hoja ya viwanja vitupu na fedha kidogo inahitaji historia, na historia yake ni ya aibu. Tarehe 26 Desemba 1920, katika uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool, watu wapatao 53,000 waliwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha Preston, wakiwafunga St Helens 4-0, huku maelfu wengine wakibaki nje kwa kukosa nafasi. Fedha za kiingilio zilikwenda kuwasaidia wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Haukupita mwaka, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha England kikatangaza kwamba mpira wa miguu hauwafai wanawake na kikavitaka vilabu vyake vikatae kuwapa viwanja. Marufuku hiyo ilidumu takriban nusu karne. Ujerumani Magharibi nayo iliwapiga marufuku wanawake mwaka 1955 hadi 1970, na Brazil, nchi inayojinadi kama nyumbani kwa kandanda, iliweka amri ya kisheria mwaka 1941 iliyodumu hadi 1979.

Kitu kisichotazamwa na mtu hakina haja ya kupigwa marufuku, hujifia chenyewe. Wakuu wa soka wa mwaka 1921 hawakuwa na tatizo la viwanja vitupu, walikuwa na tatizo la uwanja uliojaa. Walikata ugavi wa viwanja, makocha, waamuzi na mapato, wakauacha mti ukose maji kwa miaka 50, na leo wajukuu wao wanauliza mbona hauna matunda. Hata marufuku zilipoondolewa, ukarimu ulikuja kwa kijiko. Mwaka 1971 mashindano ya dunia yasiyotambuliwa na FIFA yalifanyika Mexico, na fainali ambayo Denmark iliwafunga wenyeji 3-0 ilijaza zaidi ya watu 100,000 katika uwanja wa Azteca. FIFA ilisubiri miaka 20 kabla ya kuandaa mashindano yake yenyewe, nchini China mwaka 1991, na hata hapo mechi zilipangwa ziwe za dakika 80 badala ya 90. Wanawake wa Ujerumani Magharibi walipotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1989, chama chao kiliwazawadia seti ya vyombo vya kahawa.

Kwa hiyo mtu anapotaja kwamba zawadi za Kombe la Dunia la wanawake la 2023 zilikuwa dola milioni 110 ilhali za wanaume mwaka 2022 zilikuwa milioni 440, akataka tukubali kwamba soko limesema, anapaswa kueleza soko hilo lilianza lini kuwa huru. Pale linapoachwa liseme, husema mambo mengine kabisa. Tarehe 22 Aprili 2022 watu 91,648 walikwenda uwanja wa Camp Nou kuwaona wanawake wa Barcelona dhidi ya Wolfsburg. Mwaka uliofuata Mary Earps, kipa wa England, alikwenda kwenye Kombe la Dunia huku kampuni ya Nike ikiwa haijatengeneza jezi yake kwa ajili ya kuuzwa, kwa maana nyingine mtu alikuwa amekwisha kuamua kwamba jezi ya kipa wa kike haina mnunuzi. Earps alipangua penalti ya Jennifer Hermoso kwenye fainali, akatwaa tuzo ya kipa bora, watu zaidi ya 150,000 wakasaini ombi la kutaka jezi hiyo, na ilipowekwa sokoni hatimaye iliisha haraka. Nusu ya kinachoitwa ukosefu wa soko ni duka ambalo halikufunguliwa.

Kama basi si kasi, si ubora na si fedha, ni nini? Jibu langu ni kwamba kwa wanaume wengi uwanja wa mpira ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo uanaume unafanyiwa kazi hadharani: hapo mtoto wa kiume hufundishwa na baba yake kuimba na kutukana, hapo mwanamume hulia bila kuulizwa, na hapo ujuzi wake wa kandanda humpa hadhi ambayo pengine hana kazini wala kwingineko. Mwanamke anayeingia hapo kama mke wa mchezaji au pambo la jukwaani hamsumbui mtu. Anayeingia akiwa na ujuzi, akicheza, akichambua au akipuliza kipenga, anashusha bei ya hadhi ile.

Ndiyo sababu chuki hufika hata mahali ambapo kasi na misuli havihusiki kabisa. Tarehe 22 Januari 2011 Sian Massey, mwenye umri wa miaka 25, alipangwa kuwa mwamuzi msaidizi katika mechi ya Wolverhampton Wanderers na Liverpool. Kabla ya mechi kuanza, mtangazaji Richard Keys na mchambuzi Andy Gray wa Sky Sports, wakidhani vipaza sauti vimezimwa, waliambizana kwamba mwanamke yule hawezi kuijua sheria ya kuotea. Katika kipindi cha kwanza Raul Meireles alichomoka kwa tofauti ndogo mno na mstari wa mabeki, Massey akaacha kibendera chake chini, na Fernando Torres akafunga. Marudio ya video yalionyesha kwamba Meireles hakuwa ameotea na kwamba Massey alikuwa sahihi katika uamuzi ambao waamuzi wazoefu wa kiume huukosea kila wiki. Gray alifukuzwa na Keys akajiuzulu siku chache baadaye. Hukumu yao ilikuwa imetolewa kabla mpira haujagusa nyasi, na wote wawili walikuwa watu ambao kazi yao ya kulipwa ni kutazama kwanza.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, na wanawake wa soka wanaujua ukweli huo kwa pande zote mbili. Wakicheza vibaya, wanaambiwa kwamba huo ndio uwezo wa mwanamke. Wakicheza vizuri kupita kiasi, wanaulizwa kama kweli ni wanawake. Barbra Banda wa Zambia aliachwa nje ya mashindano ya mataifa ya Afrika ya mwaka 2022 kutokana na masharti ya ustahiki wa kijinsia. Mwaka mmoja baadaye alifunga goli la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake, na alipochaguliwa na BBC kuwa mwanasoka bora wa kike wa mwaka 2024 matusi yalimiminika kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kumwona akicheza. Anayeepuka mitego hiyo miwili hukuta wa tatu. Sepp Blatter, akiwa rais wa FIFA, alipendekeza mwaka 2004 kwamba wanawake wavae kaptula za kubana zaidi ili mchezo wao uvutie. Ada Hegerberg alipopanda jukwaani Paris mwaka 2018 kuwa mwanamke wa kwanza kupokea Ballon d'Or, tuzo ya mwanasoka bora wa mwaka, aliyekuwa akiongoza sherehe alimuuliza kama anaweza kukata mauno. Hegerberg alijibu hapana, akageuka.

Ukubwa wa jambo hili unapimika. Taarifa ya FIFA kuhusu Kombe la Dunia la 2023 ilionyesha kwamba takriban mchezaji mmoja kati ya kila watano alilengwa na ujumbe wa matusi, ubaguzi au vitisho mtandaoni, na kwamba uwezekano wa mchezaji kulengwa ulizidi kwa asilimia 29 ule wa wanaume katika Kombe la Dunia la 2022. Hao ni wachezaji waliochekwa kwamba hakuna anayewatazama.

Utafiti uliochapishwa Januari 2022 ukiongozwa na Stacey Pope wa Chuo Kikuu cha Durham, uliowahusisha mashabiki wanaume 1,950 wa Uingereza, uliwagawa katika makundi matatu: wanaounga mkono usawa, wanaodharau waziwazi, na wanaodharau kwa siri. Kundi la wazi ndilo lililotawala, na watu wake walitoka katika rika zote, jambo linalovunja faraja ya wale wanaoamini kwamba tatizo ni la wazee na litaondoka nao. Hata hivyo kundi linalonishughulisha zaidi ni lile dogo la siri. Huyu ni mtu anayejua maneno ya kusema. Atampongeza binti aliyefunga goli la fainali mbele ya wafanyakazi wenzake, kisha atakapobaki na marafiki zake wa kiume atacheka na kila utani, si lazima kwa sababu anauamini, bali kwa sababu kutocheka kuna gharama. Anayepima waliopo kabla ya kusema huwezi kumbadilisha kwa takwimu za watazamaji, kwa kuwa takwimu anazo tayari. Wanaoweza kumbadilisha ni wale marafiki zake watatu au wanne, iwapo mmoja wao atakataa kucheka kabla yake.

Wamiliki wa vilabu ni wataalamu wa kusikiliza vicheko hivyo. Manchester United iliivunja timu yake ya wanawake mwaka 2005 na kukaa bila timu hadi 2018. Timu mpya ilitwaa Kombe la FA mwezi Mei 2024 kwa kuifunga Tottenham 4-0, na kiangazi hichohicho, ukarabati wa kituo cha mazoezi ulipoanza, jengo la wanawake walipewa wanaume na mabingwa wakahamishiwa kwenye majengo ya muda. Mwaka huohuo Reading iliiondoa timu yake ya wanawake katika daraja la pili kwa sababu za kifedha, na mwaka 2025 Blackburn Rovers ikafanya vivyo hivyo. Mkurugenzi anayetafuta pa kupunguza gharama hujiuliza kwanza ni wapi kelele zitakuwa chache, na jukwaa ambalo nusu yake hudhihaki na nusu nyingine hunyamaza limekwisha kumpa jibu. Reading, iliyokuwa ikicheza ligi kuu ya wanawake hadi mwaka 2023, ilianza msimu wa 2024/25 katika daraja la tano.